Filta ya Tangi la Samaki Imegoma: Nitengeneze au Ninunue Nyingine? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafuga samaki wa mapambo Dar es Salaam, na kwa sababu nilishawahi kufungua filta yangu mezani bila kuogopa, jirani, shemeji na marafiki wa marafiki huniletea zao. Ikija ndani ya ndoo yenye maji ya tangi, nafurahi. Ikija imesuguliwa kwa sabuni na kuanikwa juani mpaka inang'aa, najua hapo kuna kazi mbili: kutengeneza mashine, na kuokoa samaki waliobaki nyumbani. Maswali haya ndiyo yanayonijia kila mara.

Filta imezima usiku huu, samaki wanahema juu ya maji, na maduka yamefungwa. Nifanye nini?

Habari ya kutengeneza au kununua iache mpaka asubuhi. Usiku huu shughulika na hewa. Chota maji ya tangi kwa jagi, yainue kiasi cha mkono mmoja na kuyamwaga tena humo humo, mara ishirini au thelathini, kisha pumzika na urudie. Kama una pampu ya hewa ya zamani kabatini, huu ndio wakati wake. Taa ya tangi zima, maana joto nalo linachangia: maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Ndiyo maana Januari na Februari za hapa pwani haziwasamehi samaki.

Usiwape chakula. Samaki mzima atakaa siku mbili tatu bila kula na hatadhurika, lakini chakula kinachooza kwenye tangi lisilo na filta ni sumu.

Halafu toa sponji ndani ya filta uiweke ndani ya tangi ielee. Usiioshe, usiikamue.

Kwa nini sponji chafu ina umuhimu kuliko mashine yenyewe?

Kwa sababu filta ni nyumba tu. Wapangaji wake ni bakteria wanaokaa kwenye sponji na vijiwe vya kauri, na hao ndio wanaofanya kazi unayodhani inafanywa na mota. Samaki hutoa amonia kwenye mashavu na kwenye choo. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Bakteria hao kujijenga kutoka sifuri huchukua wiki nne hadi sita. Mota unaweza kuinunua kesho asubuhi. Bakteria hawauzwi kwa haraka hiyo, hata kama chupa ya dukani imeandikwa maneno matamu.

Wanaofuga samaki wa maziwa yetu wanalo jambo moja zaidi la kuangalia. Mbuna wa Ziwa Nyasa na samaki wa Tanganyika hupenda maji yenye pH ya juu (pH ni kipimo cha uchachu wa maji: 7 ni katikati, ikipanda maji yanakuwa ya kialkali), na humo amonia huwa kali zaidi. Katika nyuzi 25, amonia iliyo kwenye umbo lake la sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote kama pH ni 7. Ikiwa pH ni 8 inapita asilimia 5, na ikifika 9 ni zaidi ya theluthi moja. Kosa ambalo tangi la gapi (samaki wadogo wa mapambo) la jirani lingelimeza kimyakimya, tangi lako la Tanganyika linaweza kulilipia kwa mizoga.

Kwa hiyo ninapoulizwa "nitengeneze au ninunue?", mimi kwanza nauliza: sponji iko wapi, na imelowa?

Nitajuaje kama mota imekufa au ni uchafu tu?

Sikiliza. Weka sikio karibu na filta, au shika kifuniko kwa kiganja. Filta nyingi za nyumbani zina muundo mmoja: koili ya shaba iliyofungiwa ndani ya plastiki, na kwenye tundu lake impela, yaani kipande chenye mapezi kinachosukuma maji, yenye sumaku inayozunguka juu ya shafti nyembamba ya kauri au chuma. Maji hayagusi umeme popote. Kinachozunguka ni kimoja tu, kwa hiyo na magonjwa yake si mengi.

Ikiwa kimya kabisa, bila hata mtetemo, anza na vitu vya kijinga: soketi, ekstensheni, plagi. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Wameshaniletea filta nzima kabisa zaidi ya mara moja, kumbe ekstensheni ndiyo imeungua. Kama umeme upo na filta haitetemeki, koili imekatika, na hapo safari yake imeishia.

Ikivuma lakini maji hayatoki, furahi. Koili inaishi, impela ndiyo imekwama. Chomoa umeme, fungua, ivute impela taratibu. Mara nyingi utakuta punje ya mchanga, ganda la konokono, au unyuzi wa mmea uliojiviringisha kwenye shafti. Safisha tundu kwa pamba ya masikio, impela kwa mswaki mkuukuu. Ikiwa nyumbani mnatumia maji ya kisima utaona pia ukoko mweupe wa chokaa. Loweka impela kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa saa moja, isugue, isuuze vizuri.

Ikigongagonga kama kijiko ndani ya kikombe, shafti imevunjika au impela imelika tundu lake. Itazame: tundu la katikati linatakiwa kuwa duara. Likiwa limepanuka na kuwa yai, hakuna usafi utakaolitibu, nunua impela.

Ikikoroma kama mtu anayekunywa soda ya mwisho kwa mrija, hiyo ni hewa. Ongeza maji kwenye tangi, kaza maungio, na kama ni filta ya kopo (ile inayokaa nje ya tangi na kuunganishwa kwa mipira ya maji), iinamishe huku na huku kidogo hewa itoke. Hiyo haihitaji fundi.

Kuna ugonjwa wa tano ambao hapa kwetu unawasumbua wengi: filta inafanya kazi vizuri, lakini umeme ukikatika na kurudi haiwaki mpaka uitikise. Hiyo ni impela iliyochoka au sumaku iliyovimba na kuanza kukwaruza ukuta. Mahali ambapo umeme haukatiki, filta ya namna hiyo ingeendelea miaka. Kwetu itakuumiza siku umesafiri, kwa hiyo ihesabu kuwa mbovu leo.

Fundi wa feni anasema anaweza kuisuka mota upya. Nimpe?

Hapana. Koili ya filta imemiminiwa gundi ngumu ili maji yasiingie. Kuifikia lazima aivunje, na akishaivunja hakuna atakayeirudishia kinga ile. Feni ikiwa na kasoro itakuunguzia feni. Filta iko ndani ya maji, na mkono wako nao uko humo humo.

Nikiingiza mkono kwenye tangi nahisi kama naganda au natetemeshwa. Ni kawaida?

Si kawaida. Toa mkono, zima kwenye swichi ya ukutani, kisha chomoa vifaa vyote vya tangi. Kinachovujisha umeme kinaweza kuwa filta, hita au taa, na chochote kitakachopatikana hakitengenezwi, kinatupwa. Gundi, utepe wa umeme na silikoni juu ya waya uliochubuka chini ya maji sivikubali, hata uniambie imedumu mwaka mzima kwa shemeji yako. Wakati huo huo hakikisha waya wa kila kifaa unashuka chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone linalotiririka lidondoke sakafuni badala ya kuingia ukutani.

Spea zipi zinafaa kununuliwa, na zipi ni kupoteza hela?

Impela, shafti, oringi (pete ya mpira inayoziba kifuniko), vishikizo vya kifuniko, mpira wa maji na vinyonyeo vya kushikia kioo: hivi nunua. Ni vitu vya kuchakaa, vimetengenezwa vibadilishwe. Mpira wa filta ya kopo si lazima uwe wa kampuni yenyewe. Pima kipenyo cha ndani na cha nje kwa milimita (12/16 na 16/22 ndivyo vinavyoonekana sana), nenda duka la vifaa vya ujenzi na kipande mkononi, uchukue mpira wa plastiki mlaini usio na harufu kali.

Kichwa chote cha filta chenye mota, hapo fikiri mara mbili. Mara nyingi bei yake inakaribia ya filta mpya. Na kopo lenye ufa usilinunulie chochote.

Kabla ya yote, ulizia kama spea zipo. Kampuni kama Eheim ya Ujerumani zinajulikana kwa kuuza vipuri vya filta zake moja moja. Filta zisizo na jina zinazokuja zikiwa na boksi la picha ya samaki wa dhahabu hazina spea. Ushauri wangu kwa anayenunua filta ya namna hiyo: nunua mbili zinazofanana. Moja ikifa, ya pili inakuwa duka lako la vipuri.

Filta ya kopo inavuja. Nianzie wapi?

Ifute ikauke kabisa, isimamishe juu ya gazeti kavu, iwashe, uondoke nusu saa. Gazeti litakuambia. Unyevu ukizunguka pande zote, ni oringi ya kifuniko. Doa likiwa upande mmoja, fuatilia juu yake: ungio la mpira, au kishikizo kilicholegea. Doa likiwa katikati, chini ya kopo, ni ufa.

Oringi mara nyingi haijafa, ina mchanga tu. Itoe, ifute, pitisha kidole kwenye mfereji wake, ipake grisi ya silikoni kidogo, irudishe. Usiipake mafuta ya mgando ya kujipaka, kwa sababu mafuta ya petroli huvimbisha aina nyingi za mpira. Ikiwa imekuwa bapa au ina nyufa ndogo ukiikunja, badilisha.

Kishikizo kimevunjika? Niliwahi kuwa mjanja nikafunga kifuniko kwa mkanda wa begi la safari. Kilikaa siku nne. Usiku wa tano lita kama arobaini zilihamia kwenye zulia, na wa kwanza kugundua ni mama mkwe, aliyekuwa anaamka kuswali alfajiri. Vishikizo vinauzwa, tena si ghali.

Maji yanatoka kidogo kuliko zamani. Filta imezeeka?

Pima kabla ya kuihukumu. Elekeza bomba la kutokea kwenye ndoo ya lita 10, kwa kimo kile kile cha ukingo wa tangi. Ukiishusha sakafuni maji yatashuka kwa uzito wake na kipimo kitakudanganya. Hesabu sekunde mpaka ndoo ijae, kisha gawa 36,000 kwa sekunde hizo. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, filta inatoa lita 900 kwa saa.

Sasa toa sponji zote, pima tena. Kasi ikirudi, mashine ni nzima, sponji imeziba. Isipobadilika, safisha mipira ya maji kwa ndani, maana ute unaoganda humo hupunguza kasi kuliko watu wanavyodhani. Bado? Badilisha impela. Ni baada ya hapo tu ndipo nitakubali kuwa filta imezeeka.

Kuna kanuni ya bei?

Wengi husema matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mpya, nunua mpya. Ni kanuni nzuri kwa jokofu. Kwa filta mimi huipinda kidogo. Kama mota ni nzima na filta ni ya aina inayofaa tangi lako, nitalipa hata zaidi ya nusu, kwa kuwa sponji inabaki pale pale na samaki hawajui kilichotokea. Kama filta ilikuwa ndogo tangu mwanzo, sitailipia hata robo. Umeongeza samaki, umehamia tangi kubwa, na bado unailaumu filta ya lita 60?

Umeme nao uhesabu. Filta ya wati 15 ikikesha inakula uniti 0.36 kwa siku, yaani kama 131 kwa mwaka. Ya wati 25 inakula kama 219. Tofauti ni takriban uniti 88 za LUKU. Haitoshi kuitupa filta nzima, lakini kama tayari unasita, ihesabu.

Ndugu yangu ameniletea filta nzuri kutoka Marekani. Naweza kuitumia?

Soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Kwetu umeme ni volti 230 na hezi 50, Marekani ni volti 120 na hezi 60. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua, pengine kabla hujapumua. Transfoma ya kushusha volti itaiokoa, lakini haibadilishi hezi: mota itazunguka polepole kwa takriban moja ya sita na itapata joto zaidi. Za Japani, zinazoingia kwenye mitumba, ni volti 100. Nazipenda kwa makopo yao, nyingi ni imara sana, ila ukishajumlisha bei ya transfoma sioni faida.

Nimeamua kununua mpya. Nahamaje bila kuua samaki?

Kama ya zamani bado inajikokota, ziendeshe zote mbili pamoja kwenye tangi moja kwa wiki nne, sita ni bora zaidi, ndipo uitoe ya zamani.

Kama imekufa kabisa, hamisha wapangaji. Kata sponji ya zamani ienee ndani ya filta mpya, hata kama haikai vizuri, hata kama sponji mpya nzuri itabidi ikae nje. Vijiwe vya kauri vihamishe vyote. Vikisubiri, visubiri ndani ya maji ya tangi yanayotikisika, visiwekwe kwenye sahani. Ukilazimika kusafisha, kamulia sponji ndani ya ndoo ya maji ya tangi mara mbili tatu, si chini ya bomba. Maji ya bomba yana klorini, na klorini imewekwa humo kwa kazi moja, kuua vijidudu. Haibagui.

Hili nalijua kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua filta mpya, nikaitupa ya zamani na sponji yake, nikajisifu jinsi maji yalivyo maangavu. Siku ya nne mbuna walianza kujisugua kwenye mawe. Ya sita nilikuwa nimezika watano. Maji yalikuwa maangavu hadi mwisho, kwa sababu amonia haina rangi.

Kwa wiki mbili za kwanza lisha nusu ya kawaida, usiongeze samaki, na pima amonia na nitriti kila siku mbili. Zote zinatakiwa ziwe sifuri. Moja ikionekana, badilisha robo hadi theluthi ya maji, kwa maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini.

Boksi linasema nibadilishe katriji (kichujio cha ndani kinachochomolewa) kila mwezi. Ni lazima?

Ni lazima kwa muuzaji. Ukiitupa katriji umewatupa bakteria, unaanza upya kila mwezi. Isuuze kwa maji ya tangi mpaka itakapochanika. Mkaa ulio ndani huchoka baada ya wiki chache, lakini tangi la kawaida haliuhitaji, isipokuwa unataka kuondoa dawa uliyowatibia samaki.

Umeme umekatika saa nyingi. Filta ya kopo niiwashe tu ukirudi?

Ikipita saa mbili tatu, usiiwashe kabla ya kuifungua. Ndani ya kopo lililofungwa bakteria humaliza oksijeni, huanza kufa, na maji hunuka yai bovu. Ukiwasha, uvundo wote unamwagwa kwa samaki. Mwaga maji ya kopo, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Mgao ukiwa wa kila siku, nasema bila aibu: achana na kopo, au ongeza filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ndogo ya hewa ya betri.

Filta ya sponji ya pampu ya hewa nayo hutengenezwa?

Yenyewe haina cha kuharibika. Pampu ikidhoofika ni kiwambo cha mpira ndani kimechanika, na kinabadilishwa kwa dakika kumi. Pampu iweke juu ya usawa wa maji au tia vali ya kuzuia maji kurudi, la sivyo siku ya giza maji yatashuka kupitia mrija mpaka ndani yake.

Ninunue ya ukubwa gani?

Mara nne hadi sita ya ujazo wa tangi kwa saa. Tangi la lita 200, basi lita 800 hadi 1,200. Mbuna waliojazana wanataka hata mara nane hadi kumi. Namba ya boksini mara nyingi imepimwa filta ikiwa tupu, kwa hiyo panda ngazi moja. Na kama mfuko unaruhusu, filta mbili za kati zinanipa usingizi kuliko kubwa moja: moja ikifa usiku, nyingine ina bakteria wa kutosha kukufikisha asubuhi.

Na tangi la maji chumvi?

Maamuzi ni yale yale, ila shafti ya chuma isikaribie, na pampu yoyote inayoonyesha kutu itoe siku hiyo hiyo.

Filta ya zamani niitupe?

Kwanza ivue: impela, vishikizo, vinyonyeo, vikapu, bomba la kunyonyea. Weka kwenye kopo la Blue Band uandike jina la filta kwa kalamu ya wino usiofutika. Kisha, kama mota ndiyo iliyokufa, ikate plagi kwa koleo kabla hujaitoa nje, mtoto au muokota vyuma asije akaijaribu.